Sinia Ndani ya Mlango

Mjaka hakupenda kusikia jina la Jecha, na mwaka ule wa 1959 hapakuwa na mwenye gari Chake Chake asiyelitaja. Jecha alikuwa fundi bodi kabla yake. Alikuwa pia mume wa kwanza wa Mwanapili, mke wa Mjaka. Waliachana bila ugomvi, Jecha akahamia Wete, sifa zake akaziacha.

"Mlango huu kautengeneza Jecha," alisema Mzee Khatib, dereva wa teksi, alipoleta gari lake. "Miaka sita haujanisumbua. Sasa ile risasi aliyoiyeyusha kujazia bati imeanza kupasuka. Itoe yote utie mpya. Angekuwepo mwenyewe nsingekusumbua."

Mjaka alicheka kwa adabu. Moyoni alifurahi. Fundi mvivu huliacha bonde kwenye bati, akalijaza risasi nene, akaisugua na kuipaka rangi, na watu wakamsifu. Leo angeuona uvivu wa Jecha kwa macho yake, kisha amwite Mzee Khatib naye auone.

Aliwasha taa ya moto. Rangi ikavimba, risasi ikalainika, akaipangusa kwa tambara lenye mafuta. Ilikuwa nyembamba kama ukucha. Chini yake bati lilinyooshwa kwa nyundo kwa subira ambayo Mjaka aliijua, kwa sababu yeye mwenyewe mara nyingi ilimwishia. Upande wa chini, kutu ilipokula, akakuta kiraka cha shaba kilichobanwa kwa misumari ya ribiti. Juu yake palichorwa kwa ncha ya msumari mwezi na nukta tatu.

Alama ile aliijua. Sinia walilolia chakula kila siku nyumbani lilikuwa nayo mgongoni, kama masinia yote yanavyotiwa alama ili yakiazimwa harusini yarudi kwa wenyewe. Yalikuwa mawili, Mwanapili alipewa na shangazi yake. La pili, alimwambia Mjaka, lilipotelea kwenye harusi Gombani.

Mjaka alichukua patasi, akaiweka chini ya ribiti ya kwanza, akainua nyundo. Kisha akaviweka vyote chini, akaenda nyumbani.

Mwanapili alikuwa akipepeta mchele. Aliulizwa sinia la pili liko wapi. Aliitazama mikono ya mumewe yenye masizi, na habari ya Gombani hakuirudia.

"Nlimpa Jecha. Bati lilichelewa kuja, na mwenye gari akimtukana kila asubuhi. Nkamwambia alikate."

"Mbona ulinificha?"

"Kwa kuwa ungeniuliza hivi unavyoniuliza."

Mjaka alisema basi alimpenda sana mtu yule. Mwanapili hakukana. Alimpenda, na yakaisha. Lakini Jecha, alisema Mwanapili, alikuwa akirudi nyumbani humweleza kilichomshinda. Mjaka kwa miaka minne kila siku alirudi na neno moja, kwamba kazi ni nzuri.

"Wewe nkupe nini, bwana, nawe huna shida?"

Mjaka alikaa kwenye kizingiti. Alitaka kuondoka kwa hasira, na hasira haikutosha.

"Leo nnayo," alisema. "Nautafuta ubaya wa kazi yake siuoni."

Mwanapili aliweka ungo chini. "Basi kiache kiraka. Ukiking'oa utauharibu mlango, na jina litakaloharibika ni lako."

Mjaka alirudi kazini. Akatia risasi mpya, nyembamba kadiri mkono wake ulivyoweza, na alipofika penye ule mwezi mkono ulisita kabla ya kuufunika.

Mzee Khatib alipokuja kulichukua gari, aliuliza kilichokutwa ndani. Mjaka angeweza kusema lolote, hakuna ambaye angekiona tena.

"Kazi safi," alisema.

Mzee akasema alijua tu, akaanza tena kumsifu Jecha. Mjaka alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuta maneno ya kumwambia Mwanapili akirudi nyumbani mchana, kwamba sifa zile zimemuuma.