Kampaundi Namba Kumi na Saba

Kasmiri Luhende alifika Butiama mwezi wa tano, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Dada yake Lukresia alikuwa barazani akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umevimba hadi vidoleni, ameulaza juu ya mto. Kasmiri akamwamkia, naye akaitikia bila kuinuka. Upepo ulipogeuka, harufu ya kidonda ikamfikia kutoka chini ya kanga, na Kasmiri akajua. Alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Akauliza kama maji ya kunawa yapo.

Lukresia ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Kasmiri akiwa na miaka minne, na dada mtu, msichana wa miaka kumi na miwili, akambeba mgongoni hadi alipoweza kutembea mwenyewe kwenda kisimani. Miaka ile ambayo sabuni haikuonekana madukani, alimfulia sare ya shule kwa majani ya mpapai. Sasa maduka ya Bunda yalijaa sabuni za kila rangi, na Kasmiri alikuwa ametimiza mwaka wa nne huko Sweden akisomea udaktari wa kemia.

"Watu wanasemaga unatengeneza dawa ya kansa," Lukresia alimwambia walipokwisha kula. "Ni kweli?"

"Bado siyo dawa, dada."

Akamweleza kama alivyoweza. Ndani ya kila seli ya mwili kuna protini inayotoa amri: sasa gawanyika. Ikishaamuru, hunyamaza. Kwenye kansa hainyamazi, basi seli zinagawanyika tu, usiku na mchana. Yeye alikuwa ametengeneza kampaundi za kemikali arobaini na moja za kujaribu kuinyamazisha. Moja, namba kumi na saba, iliweza.

"Iliweza kwa nani?"

"Kwenye kisahani cha maabara. Tunatumia seli za mwanamke mmoja aliyekufa zamani. Zake zinaendelea kuzaliana mpaka leo."

Lukresia alifikiri kidogo. "Ndugu zake wanajua?"

Kasmiri hakuwa amewahi kujiuliza. Akasema hajui.

"Haya. Afadhali yangu mimi ni jipu tu. Daktari wa Musoma alimwambia Makongoro litakauka."

Kasmiri akamgeukia shemeji yake. Makongoro alikuwa anatazama ng'ombe.

Kesho yake asubuhi Makongoro alimwita nyuma ya zizi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, na siku hiyo aliyasema yote. Daktari alimwambia ukweli tangu mwezi wa pili: kansa ya titi, imeshaingia kwenye ini, hakuna cha kukata. Ni yeye Makongoro aliyeomba mkewe asiambiwe.

"Hiyo namba kumi na saba unayo?"

Kasmiri alikuwa nayo. Kichupa kidogo cha unga mweupe kilikuwa sandukuni, cha kumpelekea mwalimu wake wa zamani Dar es Salaam. Angeweza kusema hana.

"Ninayo."

"Mpe."

"Shemeji, tuliwapa panya. Siku ya tatu walianza kuharisha damu, wakafa wote. Hakuna binadamu aliyewahi kuitumia. Hata kipimo chake sikijui."

"Anakufa hata hivyo."

"Akifa kwa hiyo, nitakuwa nimemuua mimi."

"Anakufa nani?"

Lukresia alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, ndoo ya maziwa mkononi. Akaiweka ndoo chini taratibu isimwagike.

"Kasmiri, nakuuliza wewe. Huyu ameshanidanganya."

Akamwambia. Alitumia sauti ileile aliyotumia kusoma matokeo mbele ya maprofesa, akaisikia ikitoka kinywani kama ya mtu mwingine. Lukresia aliuliza amebakiza muda gani. Kasmiri akasema pengine mpaka mtama uvunwe, pengine usifike.

"Mngeniambia wakati wa kupanda," Lukresia akasema. "Nimelima shamba zima kwa mkono mmoja, nikidhani nitakula. Ningekuwa nimekaa na Ursula."

Ursula alikuwa binti yake pekee, ameolewa Kiriba, na alikuwa amejifungua mwezi uliopita.

"Na hiyo dawa?" Makongoro akauliza.

"Mimi siyo panya," Lukresia akasema. "Nipelekeni Kiriba."

Makongoro alikataa siku mbili. Mke mgonjwa hauguzwi kwa mkwewe, alisema, watu watasema nini. Siku ya tatu Lukresia alifunga nguo zake mwenyewe kwa meno na mkono wa kulia, akaenda kukaa barabarani. Kasmiri akachukua mzigo. Walipanda gari la Musoma, wakabadilisha, na jua halijatua Ursula alikuwa anamwekea mama yake mtoto kwenye mkono mzima.

Wiki tatu walikaa huko. Kasmiri aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akampa vidonge vya maumivu alivyonunua mjini, akapalilia mihogo ya watu. Lukresia alimfundisha Ursula namna ya kumkanda mtoto tumbo. Siku moja alicheka kwa sababu mtoto alimkojolea, akacheka mpaka akakosa pumzi. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya Kasmiri na Ursula. Ursula alilia. Kasmiri alikwenda kutafuta gari la kumrudisha Butiama, akakumbuka kuuliza kama turubai la kumfunikia lipo.

Walimzika Alhamisi. Makongoro hakumsemesha Kasmiri siku zote za matanga, lakini siku ya kuondoka alimsindikiza hadi Bunda. Walisimama stendi, bango la mgombea likipigwapigwa na upepo juu ya vichwa vyao.

"Ungempa, ningekulaumu," Makongoro akasema. "Hukumpa, nakulaumu."

"Najua, shemeji."

Makongoro akampa mkono. Kasmiri akapanda basi la Mwanza, akapata kiti upande wa kivuli, na kabla hawajafika Lamadi alikuwa amelala usingizi mzito.