Mwache Kwanza Apoe

Gereji ile ilihudumia gari la aina moja tu, na fundi mwenyewe hakuona haya kulisema hilo. Ukimpelekea lori, alikuelekeza kwa jirani. Ukimpelekea basi, alikutazama kana kwamba umemswagia ng'ombe ndani ya uwanja. Yeye alikuwa mtu wa lile gari dogo la kifahari ambalo watu waliliita Kibeti, kama kipochi cha mkononi, kwa sababu ni dogo, ndani ni ngozi tupu, na wenye nalo hawapendi kuliacha mbali na macho yao. Lilianza kutoka kiwandani fundi akiwa kijana asiye na ndevu, na kila baada ya miaka kadhaa ukaja uzao mpya wenye sura nyingine, injini nyingine na maringo mengine. Jina tu ndilo lililobaki lile lile.

Wateja walikuwa wakijichanganya kwa namba. Mtu anaapa gari lake ni uzao wa pili, kumbe ni wa tatu, vipuri vinaagizwa visivyo, watu wananuniana wiki nzima. Mke wa fundi, aliyekaa kwenye meza ya mlangoni akipokea simu, ndiye aliyechoka kabla ya wengine.

"Hizi namba zinatuchanganya," alisema siku moja. "Tuwaite kwa ukoo. Hakuna mtu asiyejua bibi ni nani na mama ni nani."

Basi uzao wa kwanza ukawa Bibi, wa pili Mama, wa tatu Binti, na wa nne, ulipotoka, ukawa Mjukuu. Makosa yakapungua kweli. Fundi naye akabatizwa Fundi Ukoo, jina lililomkaa vizuri hata wageni wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Na walikuwa ukoo hasa. Bibi alikuwa wa pembe pembe, mwenye dashibodi ya mbao na mlango uliofungwa kwa mshindo mzito wa kabati la nguo. Alikuwa na adabu: akitaka kuharibika, alilalamika kwanza. Atakohoa asubuhi, atanguruma mlimani, mpaka mwenyewe aone aibu amlete. Mama akaja na umbo la mviringo, madirisha ya umeme, viti vinavyopasha mgongo joto, na mbio ambazo Bibi hakuwahi kuziota. Ila alikuwa na kasoro moja iliyojulikana na kila aliyemmiliki. Kuna kihisio kidogo, kidude cha kupimia mzunguko, kilichofungwa ubavuni mwa injini. Kikipata joto sana, Mama alizima pale pale, bila kukohoa wala kuwasha taa ya onyo. Dawa yake ilikuwa subira. Unamweka kivulini, unamwacha apoe, ukigeuza ufunguo anaondoka kana kwamba hakuna lililotokea.

Binti hakuzima ovyo, lakini alikuwa na taa ya kulalamikia kila kitu, na injini yake ilifunikwa plastiki nyeusi kama aibu ya nyumbani. Mjukuu hakuwa na injini kabisa. Alikwenda kwa betri, kimya kimya, na ukitaka kumtibu huna budi kumuunganisha na kompyuta na kuomba ruhusa kiwandani. Kila uzao ulizidi unene kuliko uliotangulia, na magoti ya abiria wa nyuma yakabaki na nafasi ile ile. Fundi alikuwa akiwauliza wenzake kiwanda kinaongeza nini hasa, na hakupata wa kumjibu.

Lugha ya gereji haikukaa gereji. Iliingia nyumbani na viatu vyake vichafu. Mtoto mwenye njaa alikuwa tangi tupu. Mgeni asiyenyamaza alikuwa amekwama honi. Aliyesinzia mbele ya televisheni amezima, na anayefuata kulala ndiye wa kuzima taa. Watoto wakubwa waliondoka na maneno hayo mpaka kwenye ndoa zao. Nyumbani akabaki yule wa mwisho, Kitinda, binti aliyejifunza kuendesha gari kabla hajajifunza kusuka nywele zake mwenyewe.

Mke wa fundi alikuwa na gari lake, Mama wa rangi ya kijivu. Fundi alimnunua akiwa amepondeka upande mmoja, akamnyoosha, akamshonea viti upya, akamkabidhi mkewe na maua juu ya boneti. Kihisio hakukibadilisha. Alisema atakibadilisha, na alimaanisha, lakini gari la mke wa fundi siku zote ndilo la mwisho kwenye foleni. Mkewe hakunung'unika. Yeye naye alikuwa na lake la kuahirisha: presha iliyokuwa ikimpandia, kichwa kilichomgonga upande mmoja, kizunguzungu cha ghafla. Kikimshika alikaa kivulini, akafumba macho, kikapita.

"Nenda zahanati," fundi alimwambia.

"Nitaenda. Na wewe badilisha kile kidude."

"Nitabadilisha."

Wakacheka, maisha yakaendelea.

Asubuhi ya siku yenyewe mke alikubali kwenda zahanati. Kichwa kilikuwa kimemkosesha raha tangu jana yake. Kitinda akashika usukani wa gari la kijivu, mama yake akakaa kando yake na mtandio mabegani, wakatoka. Fundi aliwapungia mkono wenye grisi bila kuinua kichwa sana, kwa sababu mbele yake alikuwepo Mjukuu wa mteja mmoja mwenye haraka, na Mjukuu yule alikuwa amemkatalia kabisa.

Alikuwa amemkatalia tangu juzi. Kioo cha dashibodi kiliandika sentensi moja ya kistaarabu inayosema kwamba fundi huyu hatambuliwi. Fundi aliisoma mara nyingi. Mtu aliyeweza kumtambua Bibi kwa mlio kabla hajakunja kona, leo anaambiwa hatambuliwi na gari lisilo na mlio. Iliuma, na tuseme ukweli, ilimharibia roho. Simu ilipolia alikuwa ameikunja shingo chini ya dashibodi, waya mdomoni, kompyuta ikimpigia kelele.

"Baba," ilikuwa sauti ya Kitinda, na nyuma yake magari. "Mama amezima."

Fundi akatema waya. Alijua tu. Jua lile, foleni ile, na kihisio kile alichoahidi.

"Mmefika wapi?"

"Tumepita taa, nimeegesha pembeni. Amezima ghafla, baba, hata hakusema kitu. Nifanye nini?"

"Hajawahi kusema kitu huyo," fundi alisema. "Ni joto. Mpo kivulini?"

"Kuna mti kidogo."

"Basi mwache kwanza apoe. Usimhangaishe, usimlazimishe. Akishapoa ataamka mwenyewe."

"Una hakika, baba? Nilitaka kuita watu."

"Watu wa nini? Wakusaidie nini? Mimi namjua. Mwache apoe."

Kitinda akasema haya, baba. Simu ikakatika. Fundi akarudi chini ya dashibodi, akijilaumu kidogo kwa ajili ya kihisio, akiapa kwamba jioni ile ile atakibadilisha. Kompyuta ikaendelea kumpigia kelele. Akaendelea kuitukana, lakini kwa sauti ya chini, maana mwenye gari alikuwa ameketi karibu.

Simu ilipolia mara ya pili, mteja alikuwa ameshakunywa soda yake yote na jua lilikuwa limehama kutoka mlangoni.

"Baba, bado haamki." Sauti ya Kitinda ilikuwa nyembamba sasa.

"Umemwacha muda wa kutosha?"

"Nimemwacha. Nimempepea na kanga. Hata nikimwita haitiki."

Neno kanga lilimpita fundi sikioni, likarudi, likasimama. Hata hivyo mdomo wake ulikuwa umeshatangulia.

"Washa tujue."

"Niwashe nini?"

"Gari."

"Gari linawaka, baba," Kitinda alisema. "Halijazima hata kidogo. Mama ndiye haamki."

Fundi hakukumbuka baadaye alifikaje pale chini ya mti. Alikumbuka tu gari la kijivu, kiyoyozi kikivuma, injini ikizunguka sawasawa bila kasoro, na mkewe ameegemeza kichwa kwenye kioo kama mtu aliyesinzia safarini. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alikuwa bado anapumua. Alipumua mpaka hospitali, na akapumua siku ile na usiku wake.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Hakuwa mkali. Alieleza kwamba ni kiharusi, kwamba damu imemwagika ndani ya kichwa, na kwamba kwa ugonjwa huu kuwahi ni jambo kubwa. Kisha akauliza ilivyompasa kuuliza.

"Mlisubiri nini pale njiani?"

Fundi akafungua mdomo. Kitinda akamtangulia.

"Ni mimi. Nilidhani atapumzika apate nafuu. Alikuwa anapata nafuu siku zote."

Daktari akaandika, akamshika Kitinda bega, akaondoka. Fundi akabaki ameshika ukingo wa benchi. Alitaka kusema kweli mbele ya yule daktari, aseme kwamba aliyesema asubiriwe ni yeye, na kwamba alikuwa anaongea na gari. Alipoyapanga maneno hayo kichwani yalionekana ya mwendawazimu. Akanyamaza, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko swali lenyewe.

Kulipokucha mkewe akaacha kupumua.

Msiba ulijaa watu. Wateja wa ukoo mzima walikuja, kuanzia wenye Bibi mpaka wenye Mjukuu, wakaegesha kwa heshima nje ya geti. Siku ya pili shemeji yake, kaka wa marehemu, akaenda kulichukua gari la kijivu alipoliacha Kitinda kwenye uwanja wa hospitali. Akaliingiza taratibu, akampa fundi funguo.

"Shemeji, hili gari mbona halina neno? Marehemu alikuwa akisema linazima. Nimegusa tu ufunguo, likawaka."

Alikuwa anatafuta la kusema tu, maskini, kama watu wanavyotafuta msibani. Fundi akapokea funguo, akasema ahsante. Akaenda nyuma ya gereji penye matairi mabovu, akalia mpaka pumzi ikamkatika.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, Kitinda alimkuta amekaa kwenye kiti cha mama yake, mezani pa mlangoni.

"Nilidhani ni gari," fundi alisema, hakuzunguka. "Uliponipigia. Nilidhani unasema gari."

"Najua, baba. Nilijua uliposema niwashe."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Ningemwambia nini? Kwamba kwetu kuna mama wawili?"

Fundi akafunika uso. Kitinda akavuta stuli, akakaa, akawa anakunjua na kukunja pindo la kanga yake.

"Ningesema amezirai," alisema. "Neno ninalijua. Ningelisema tu, ungekuja mbio. Sijui kwa nini halikunijia."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Tumekulea na maneno hayo sisi wenyewe. Ungeyatoa wapi mengine?"

"Na wewe uliniambia apoe. Mtu mgonjwa anaambiwa hivyo hivyo, apoe. Nikajua baba anajua."

Alisema bila hasira. Fundi angeipokea hasira kwa mikono miwili, angejua pa kuiweka. Alichopewa ni ule utiifu, na hakuwa na pa kuuweka. Wakakaa pale, baba na mwana, wakitazama magari yaliyokuwa yakingoja, ya mbao na ya plastiki, ya sauti na ya kimya, kizazi baada ya kizazi, yote mazima au yanayoweza kuwa mazima.

Gereji ikafunguliwa tena, kwa sababu tumbo halina matanga. Kitinda akashika meza ya simu. Akawa anawarekebisha wateja kwa upole: "Uzao wa pili, siyo?" Mteja akisema Mama, yeye anarudia, "Wa pili, ndiyo, nimeelewa." Makosa ya vipuri yakarudi, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Gari la kijivu likafunikwa turubai nyuma ya gereji. Fundi alikwisha kukibadilisha kihisio chake. Alikibadilisha peke yake, polepole, akasafisha na kiti cha abiria, akalifunika.

Kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu wa muziki, mcheshi, ambaye msiba ulimkuta ng'ambo na hakupata habari. Alirudi akamkuta Mama, gari lake, kwenye gereji ya nyumbani kwake, akampangusa vumbi, akatoka naye. Mchana huo huo simu ya mezani ikalia. Kitinda alikuwa ametoka kufuata mafuta ya breki. Fundi akajifuta mikono, akapokea.

"Fundi Ukoo, za siku nyingi?" sauti ya mwalimu ilikuwa changamfu. "Nimerudi na matatizo yangu yale yale. Mama amezima hapa kwenye taa. Nimwache kwanza apoe, siyo?"

Fundi akageuka kutazama nyuma ya gereji, penye turubai.

"Fundi? Upo?"

"Anapumua?" fundi aliuliza.

Mwalimu akaangua kicheko. Alikuwa ameukosa sana utani wa gereji ile huko alikokuwa.

"Fundi bwana, hujabadilika."

Fundi alikuwa ameshasimama, mkono mmoja unapapasa mezani kutafuta funguo.

"Nakuuliza wewe, anapumua?"