Ulilala Mezani, Baba Fiona

Vumbi la mji huu ni chumvi. Wanaimwaga barabarani ili barafu iyeyuke, na jua la Februari likitokea inakauka, inapeperuka, inatua juu ya magari, juu ya viatu, juu ya pindo za makoti. Siku ile ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na chumvi ilikuwa imekupaka mpaka magotini, Baba Fiona, ulipovuka maegesho ya mkahawa ukinijia, ukiinua miguu kwa shida kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Tulikuwa tumechoka. Nianze hapo, maana kila kitu kilianzia hapo.

Wewe kazi yako ni ya usiku, kule Anoka, kaskazini mwa mji, katika nyumba ya watu wasiojiweza. Unawageuza kitandani, unawapa dawa, unawasikiliza wakiwaita mama zao waliokufa zamani. Mimi kazi yangu ni ya mchana, Eden Prairie, upande wa kusini, kwa wazee wanaolisahau jina langu kila baada ya chai. Nyumba yetu iko Brooklyn Center, katikati, lakini hapo katikati hatukutani. Ukirudi, mimi natoka. Nikirudi, wewe umetoka. Asubuhi magari yetu hupishana kwenye kona ya mtaa, unaniwashia taa mara mbili, nakujibu mara mbili, na hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka kesho.

Nikiingia kitandani nakuta shimo la mwili wako. Ukiingia unakuta shimo la mwili wangu. Tunalala pamoja kila siku, mume wangu, ila si kwa wakati mmoja.

Nami nilikuwa nimebeba maneno. Wiki tatu nilikuwa nayo mdomoni, nikiyafanyia mazoezi huku nikisukuma viti vya magurudumu, huku nikikunja mashuka, huku nikingoja taa nyekundu. Rafiki yangu Alice, tunayeimba naye kanisani, ana chumba kitupu nyumbani kwake Saint Paul, na alikuwa ameniambia, "Makena, njoo na mtoto. Mkae mpaka akili itulie." Fiona wetu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya mpaka saa kumi. Nilikuwa na saa tatu za kukwambia kwamba naondoka.

Mahali ulipachagua wewe. Wenzako wa kazini walikuwa wameusifu mkahawa huo wa Wakorea: nyama inaletwa mbichi, unaichoma mwenyewe hapo mezani, na inaendelea kuletwa mpaka mwenyewe useme basi. Tulikaa kwenye meza yenye moto katikati na bomba la kuvuta moshi juu yake. Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni nyeusi, akatupangia vibakuli vidogo vidogo: kabichi iliyochachuka na kuwekwa pilipili, figili, majani mabichi, mchuzi mtamu. Kisha akaleta mbavu zilizokatwa nyembamba, akaweka koleo na mkasi mbele yako, akaenda.

Uliutazama ule mkasi. "Hii ni hoteli ama ni kwa fundi cherehani?"

"Ni ya kukatia nyama."

"Kwani tumetoka nyumbani ndio tujipikie? Hata kule Meru ukienda kula nyama, kuna mtu wa kuchoma."

"Si ni wewe umetuleta," nikasema, na nilitaka neno lisikike kali, lakini halikusikika kali. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Ukashika koleo. Mikono yako ikakumbuka yenyewe. Ukatandaza nyama juu ya chuma, ikalia, ikasinyaa, ikageuka rangi; ukaigeuza mara moja tu, kwa wakati wake, kama ulivyokuwa ukifanya kwa wajomba zako wakati ule tulipokuwa wachumba. Kipande cha kwanza ukakiweka kwenye bakuli langu. Cha pili, langu. Cha tatu, langu.

"Kula," ulisema.

"Na wewe?"

"Nakuja. Kula kwanza."

Nikala. Mafuta yakanipaka midomo, pilipili ikanichoma pua, na maneno yangu ya wiki tatu yakakaa kooni yakingoja nyama ipite. Ni vigumu kumwacha mtu huku anakulisha, Baba Fiona. Sahani ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Kila iliyokuja uliichoma, na kila uliyoichoma ulinipa. Nikaona nisipoyasema sasa nitayarudisha nyumbani na kuyalalia tena peke yangu.

Basi nikayasema. Niliyasema nikiutazama moto, maana uso wako ungenishinda.

"Baba Fiona, nataka kwenda kukaa kwa Alice. Mimi na mtoto. Nimechoka kuolewa na mtu nisiyemwona."

Nikangoja. Nyama ililia kwenye chuma. Bomba lilivuta moshi. Meza ya pili waliimba wimbo wa siku ya kuzaliwa.

Nikainua macho. Ulikuwa umelala. Umekaa wima, koleo mkononi, kidevu kifuani, umelala usingizi wa kweli, ule wenye pumzi ndefu, na mbele yako vipande sita vilikuwa vinaanza kuwa makaa.

Mhudumu alifika kabla sijajua la kufanya. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, "Ni mgonjwa?"

"Ni mzima," nikamwambia. "Anafanya kazi usiku."

Hakusema pole. Alinyoosha mkono, akapunguza moto, akakutoa koleo mkononi, kidole kimoja kimoja, bila kukuamsha, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Mlangoni watu walikuwa wamejaa wakingoja meza, na muda tuliopewa wa kukaa mezani ulikuwa umekaribia kwisha. Akawatazama, akatutazama. "Dakika ishirini," akasema, akatuachia chai ya shayiri.

Dakika ishirini nilikutazama. Tangu lini sijakutazama? Niliona mvi kwenye ndevu zako ambazo sikuwahi kujulishwa. Niliona kifungo cha shati ulichokishona mwenyewe, kwa uzi usiofanana. Nilitaka kulia, lakini hata kilio kina kazi yake, nami nilikuwa nimemaliza nguvu.

Ndipo ukasema, macho bado umeyafumba: "Alice ana chumba kikubwa?"

Nikakauka. "Ulikuwa umelala."

"Nililala baadaye. Mwanzo nilisikia."

"Na mbona hukunijibu?"

"Nilifumba macho nitafute jibu. Usingizi ukanifikia kabla ya jibu."

Ukafumbua macho, mekundu. Uliniuliza kama nakuchukia. Nikakwambia sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli wangu wote wa siku hiyo.

"Hata mimi sijui," ulisema. "Mtu akichoka hivi, hajui kama anamchukia mke wake ama anachukia saa za kazi." Ukasugua uso kwa viganja. "Mama Fiona, tulale kwanza. Tukiamka, kama bado unaenda, nitakubebea vitu mimi mwenyewe."

Kisha ukaungama: ulikuwa umechukua shifti ya jioni hiyo hiyo, siku yetu moja ya ofu, ya kupumzika pamoja, na hukuniambia. Nilifungua mdomo. Ukainua mkono, ukatoa simu, ukampigia bosi wako mbele yangu, mbele ya nyama iliyoungua. "Siji leo," ulimwambia. Akauliza kitu. "Hapana, siumwi. Nimechoka." Miaka kumi na moja tuko nchi hii, sijawahi kukusikia ukimwambia mtu yeyote neno hilo.

Sitasema kwamba mambo yalinyooka palepale. Uliacha kazi usiku mmoja kwa juma, kisha miwili, na katikati tuligombana vizuri, kama watu walioamka. Chumba cha Alice bado ni kitupu. Hajakipangisha, nami sijamwambia akipangishe.

Lakini mchana ule tulitoka tukaingia kwenye gari langu, nikawasha joto, tukalaza viti nyuma. Tulisema dakika tano tu. Mkono wako ulikuwa juu ya mkono wangu, mzito, unanuka moshi. Sikumbuki nani alitangulia.

Simu ndiyo iliyotuamsha, saa kumi na nusu. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu. Ilikuwa Fiona, mtoto wetu anayetusikia kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza kila siku ya Mungu, akiuliza tuko wapi, wenzake wote wameshachukuliwa.

"Tunakuja, mama," ulimwambia, simu ikiwa kwenye spika, sauti ikikwaruza. "Tulikuwa tumelala."

"Nani?"

"Mimi na mama yako."

Nikasikia piano ikichezwa mahali fulani nyuma yake.

"Mwalimu bado yuko," alisema binti yetu, kwa Kiswahili, akilitafuta kila neno. "Laleni kidogo."