Kazi Nambari Tisa

Mwamini alikuwa bado anafagia ofisi, na dereva wa lori alishapiga honi mara tatu.

"Dada wa mizani! Fungua ghala bwana, wenzio tuna safari ya Dar!"

Akauegemeza ufagio ukutani, akachukua funguo. Mwezi wa pili aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika ghala hili la ufuta, kando ya barabara ya Lindi pale Kibiti. Aliambiwa hivyo kwa mdomo tu. Huyo karani wa mizani alifagia, akachemsha chai, akatumwa benki, akampokea mtoto wa tajiri mwenye ghala basi la shule lilipochelewa. Na tangu mwezi wa nne alikabidhiwa funguo za ghala bila kuulizwa. Mara mbili alimwomba meneja, Bwana Agapiti, amwandikie kazi zake ni zipi. Mara ya kwanza meneja alicheka. Mara ya pili alisema, "Nikikupa orodha, kesho utaniambia hii si kazi yangu. Hapa tunajituma, Mwamini."

Hakuomba tena. Kwao Mbuchi mafuriko yalikuwa yamesomba mpunga wote, na mama na wadogo zake watatu walimtazama yeye.

Alifungua kufuli zote mbili, akausukuma mlango wa bati. Kilimjia kiharufu kama cha kitunguu saumu kilichovunda.

"Panya hao wamefia humo," alisema Tabu, akikaza khanga kiunoni. Alikuwa mpepetaji wa ufuta, mama wa makamo kutoka Dimani, na mzaha wake ndio uliowafikisha wenzake jioni. Akaingia kuondoa turubai lililofunika magunia ili wapakizi wapate kuyabeba.

Mwamini aligeuka kuweka mizani sawa. Nyuma yake akasikia kikohozi, kisha kingine, halafu kimya. Alipochungulia, Tabu alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umeshika turubai, mwingine umeshika koo.

Wakamburuta nje. Bajaji ikapiga honi njia nzima hadi hospitali, Mwamini amempakata kichwa, akimwita, "Mama Tabu, nitazame. Nitazame mimi." Tabu alimtazama, lakini hakuweza kusema neno.

Muuguzi, dada mmoja aitwaye Winifrida, alinusa khanga ya mgonjwa, uso ukambadilika. "Ghala lenu lilifukizwa lini?"

"Lilifukizwa?"

"Dawa ya wadudu. Vile vidonge vinavyotoa hewa ya sumu. Nani mhusika?"

Mwamini hakujua. Alipiga simu huku na huku mpaka akampata fundi wa kufukiza, Salumu.

"Nimefukiza Jumamosi jioni, meneja alinifungulia kwa funguo za akiba," alisema Salumu. "Lisifunguliwe mpaka Alhamisi. Leo Jumatatu, kwani mmefungua?"

"Ulimwambia nani?"

"Nilimuuliza meneja nimwachie nani maelekezo. Akasema yeyote nitakayemkuta. Nikamkuta dereva mmoja akitoka getini na lori lake, nikamwambia yeye." Akavuta pumzi. "Dada, ningejua mwenye funguo ni wewe, ningekupigia."

Saa sita kasoro robo Tabu akafariki.

Mwamini alirudi ghalani kwa miguu. Hakulia. Alikuwa akiwaona watu wa sokoni wakipima dagaa na kubishana bei, akashangaa kwamba wanaweza. Wapepetaji walikuwa wamekaa chini uwanjani, nyungo zimelala magotini. Walimsoma usoni, wakajua.

Ofisini, printa ilikuwa ikinguruma. Bwana Agapiti alichomoa karatasi ikiwa bado ya moto, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Pole sana, hospitali wamenipigia. Afisa kazi anakuja saa tisa, na polisi. Weka sahihi hapo chini."

Juu kulikuwa na maandishi meusi: MAELEZO YA KAZI. Chini yake, jina lake. Kazi nambari moja, kupima mizigo. Ya pili, kutunza daftari. Alisoma moja moja, akafika nambari tisa: *Kusimamia ufukizaji wa ghala na kuhakikisha mtu yeyote haingii kabla ya muda.* Tarehe: mosi mwezi wa pili.

Miezi mitano ameisubiri karatasi hii. Ingekuja siku ile alipoiomba, angeuliza ufukizaji ni nini. Angesema hajafundishwa. Salumu angekuwa na namba yake ya simu. Na Tabu, saa hizi, angekuwa anamkebehi mtu pale uwanjani.

"Bwana Agapiti, hii umeiandika leo."

"Tajiri ananiuliza mhusika ni nani!" alifoka meneja. "Nimtaje nani? Hata mimi sina karatasi, Mwamini. Miaka minne sina. Unadhani wataanza na nani?"

Kwa mara ya kwanza alimwona anaogopa. Karibu amhurumie. Akachukua kalamu, na pale pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa: NIMEPEWA LEO, SAA NANE MCHANA, TABU AKIWA AMESHAKUFA.

"Umeniharibia karatasi," alisema Agapiti polepole. Akaichana, akafuta jina kwenye kompyuta, akaandika jingine. Printa ikanguruma tena. Akatoka na karatasi mpya na kidau cha wino kuelekea getini kwa mlinzi, Mzee Nassibu, ambaye kusoma hakujaaliwa.

Mwamini aliona dole gumba la mzee likizamishwa kwenye wino. Akatoka mbio.

"Mzee Nassibu, usiliweke! Nipe nikusomee!"

"Rudi ofisini," alisema Agapiti.

"Kumsomea mzee ni kosa?"

Mzee alimtazama meneja, akamtazama binti, kisha kwa mkono wake msafi akamkabidhi binti karatasi. Mwamini akasoma kwa sauti, uwanja mzima ukimsikia. Alifika nambari tisa, akaisoma yote. Akasoma na tarehe.

"Mwezi wa pili?" aliuliza Mzee Nassibu. "Mimi hapa nimekuja mwezi uliopita, baada ya Idi kubwa, mwanangu."

Wapepetaji walikuwa wameshasimama. Wakasogea, mmoja mmoja, mpaka wakamzunguka Mwamini.

"Isome tena hiyo ya tisa," alisema mmoja wao. "Polepole."