Uso wa Mwisho Ukutani

Selma Birnfeld alikuwa juu ya ngazi akimalizia kibao cha kinyozi aliposikia anaitwa kutoka chini.

"Bi Selma! Shuka! Wanaupaka chokaa ukuta wako!"

Alikuwa Casilda, muuza viazi, kofia imemkaa upande, anahema kwa kupanda mlima mbio. Selma aliiacha rangi wazi, wakateremka pamoja hadi sokoni.

Hapa La Paz alichora vibao vya maduka kwa ajili ya tumbo na watu kwa ajili ya roho. Ukuta ule wa soko aliuchora bure, wauzaji wakimlisha supu mpaka akamaliza. Walikuwemo wao wenyewe, na sketi zao pana na kofia zao nyeusi za duara. Walijitambua wote, wakagombana nani kachorwa mnene. Mmoja tu hawakumjua: mwanamke aliyeketi mwisho, kavaa kama wao, anamenya viazi, jicho moja limelegea kidogo. Casilda peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba yule ni mama yake Selma.

Wayahudi walipoanza kuwindwa Vienna, familia ilipata kibali kimoja tu cha kuingia Bolivia. "Tangulia, nitafuata," mama alisema, kana kwamba binti anatumwa dukani. Mpakani, askari alilimwaga sanduku la Selma relini, akazichana picha za nyumbani moja moja huku anacheka. Mama hakufuata. Vita vilipokwisha, jirani wa zamani alimletea habari: mtaa mzima ulipakiwa kwenye treni ya kwenda mashariki, na hakurudi mtu. Kaburi hakuna. Ukuta ndio uliokuwepo.

Vibarua wawili wa manispaa walikuwa wamekwisha kufika katikati. Bwana Urquidi, afisa wa masoko, aliwasimamia, mikono mfukoni.

"Kuna nini, bwana afisa?" Selma aliuliza.

"Wageni wa serikali wanapita kesho. Ukuta uwe safi."

"Kwani sisi uchafu?" Casilda akadakia. "Mkate umepanda tena leo asubuhi. Hao wageni wako watatulisha chokaa?"

"Wewe mama, usinipandishie sauti. Na wewe," akamgeukia Selma, "wewe mgeni tu hapa. Tumekupokea. Usituletee matatizo."

Selma alikuwa raia tangu zamani. Hata hivyo alilimeza neno lile, akaunyoshea kidole mwisho wa ukuta.

"Niachie yule wa mwisho," alisema. "Kipande kile tu. Nakuomba."

"Nikikuachia kipande litabaki doa."

Kibarua alisita, brashi inachuruzika. Urquidi alimtolea macho. "Nisamehe, mama," kibarua alinong'ona, akaanza na mikono, akapanda kidevuni, akamalizia na lile jicho lililolegea.

Urquidi na vibarua wake wakahamia na ndoo zao lango la pili. Selma aliketi juu ya gunia la viazi. Hakulia. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.

"Casilda, simkumbuki."

"Nani?"

"Mama. Nilimweka pale nipate kupumzika kumkumbuka. Sasa nikifumba macho naona weupe mtupu."

Casilda alimtazama. Kisha akainama kwenye jiko la muuza supu, akachokora kipande cha kaa lililozimika, akamtilia mkononi.

"Inuka. Mimi nimekaa naye kila siku ya Mungu. Nilikuwa namsimulia hata habari za mume wangu. Chora, nitakwambia."

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Kaa lilizama humo, likaacha mistari minene ya kijivu. Wanunuzi wakaanza kusimama.

"Shavu lipungue. Siyo hivyo, umemfanya mkali! Alikuwa kama mtu aliyebanwa na kicheko msibani."

Selma alifuta kwa kiganja, akachora, akafuta tena, mpaka mikono ikamwasha kwa chokaa. Mwishowe Casilda alirudi nyuma, akautazama uso ule muda mrefu.

"Si yeye," alisema taratibu.

"Najua."

"Lakini ni mama wa mtu. Asifutwe."

Kutoka lango la pili, Urquidi alikuwa ameuona ule mkusanyiko. Alikuja kwa hasira, vibarua nyuma yake na ndoo. Casilda aliyaburuta magunia yake yote hadi chini ya ule uso, akaketi, akakunja mikono. Muuza supu akalisogeza jiko lake, akaketi kando yake. Selma, mikono inamwasha, akaketi katikati yao.