Mfereji wa Kuonyesha Nia

Mektilda, mwenyekiti wa kitongoji ambaye kata nzima ya Bonga inamwita Mama Hilary, hakuwa mtu wa akili nzito. Aliwahi kuongoza kikoba cha akina mama miaka tisa, akasuluhisha ugomvi wa mipaka usiohesabika. Lakini hili la kuuza moshi lilimshinda. Hamdani, kijana wa kampuni iliyoleta habari hizo, alimweleza mara tatu ofisini kwake Babati mjini, akamchorea mpaka mishale. Kitongoji chao kule mlimani kinasaga kwa injini ya dizeli na kuwasha vibatari. Wakijenga mtambo mdogo wa umeme kwenye kijito chao, dizeli ile haitachomwa tena. Huo moshi ambao hautatoka, wapo watu Ulaya watakaoununua, na hela yake ndiyo itakayonunua mtambo.

"Wananunua kitu ambacho hakipo?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama Mwenyekiti. Na lazima kweli kisiwepo."

Alipanda bodaboda kurudi akiwa amekubali yote na hajaelewa hata nusu. Alichoelewa ni kwamba siku moja atakuja mkaguzi, na kuhusu wakaguzi hakuhitaji kufundishwa na mtu. Hapa kwetu mkitaka bati za serikali, kwanza mnapandisha kuta za darasa mpaka kwenye lenta. Mgeni akute jasho lenu, ndipo naye afungue mkoba. Wanaokaa wakisubiri mikono mitupu huitwa wavivu, na wavivu hawaletewi kitu. Basi kuanzia Februari, kila Jumamosi watu walitoka na majembe na sururu kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mtambo, mfereji wa kuonyesha nia.

Mkaguzi alikuja Septemba, akiletwa na Hamdani. Alikuwa binti mpole aitwaye Vailet, akawaamkia wazee mmoja mmoja, jambo lililowapendeza wote. Akapelekwa mferejini kwa vigelegele. Mfereji ulikuwa mzuri, tusiseme uongo. Ulikuwa umejengewa mawe penye udongo laini, ukakata katikati ya iliyokuwa migomba ya Mzee Clemence, ukaenda mpaka kwenye ukingo ambapo bomba lingeanzia. Mektilda alimkodolea macho mgeni akitafuta ule mshangao wa siku zote. Mshangao aliuona. Furaha ndiyo hakuiona.

Walipokaa kwenye mabenchi mbele ya mashine ya kusaga, Vailet aliuliza swali moja tu, kwa adabu zote: wasipozipata fedha hizi, wataendelea na mradi?

"Tutaendelea," alisema Mektilda, akasimama ili asikike vizuri. "Na tutamaliza. Hatukuanza kwa kumtegemea mtu."

Watu walipiga makofi. Hamdani alijishika kichwa.

Akamvuta nyuma ya jengo na kumwambia kwamba jibu hilo limewamaliza. Wanunuzi wa moshi wanalipia tu mradi ambao bila hela yao usingesimama. Ule ambao wananchi wangeujenga wenyewe hawautolei hata shilingi, maana moshi wake ungekoma bure. Mektilda akauliza kama ana maana kwamba kadiri walivyotoka jasho, ndivyo wanavyokosa. Hamdani alikohoa, akasema ukilitazama hivyo, ni kweli. Mama wa watu alikuwa na miaka hamsini na nane na hakuwahi kusikia msaada unaokimbia penye juhudi. Alikasirika, kisha akachanganyikiwa, kisha akakasirika tena kwa sababu ya kuchanganyikiwa.

"Basi tuufukie?" aliuliza. "Watu wapo, majembe yapo. Saa kumi na moja tutakuwa tumemaliza."

Hamdani akamwambia kwamba mkaguzi ameshaupiga picha.

Waliporudi, habari zilikuwa zimeshatangulia. Aniceti, katibu wao, alipendekeza waseme kuwa mfereji ni wa kumwagilia maharage. Vailet akatabasamu kidogo, akasema hakuja kuwanyima, na kuanza kuchimba si kosa. Anachotaka kujua ni kama kweli wangeweza kufika mwisho peke yao. Kama hawawezi, alihitaji karatasi ya kuthibitisha, kwa sababu maneno matupu haruhusiwi kuyaandika.

Karatasi Mektilda alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya pochi yake, alimoibeba miezi mitano akiogopa kuiacha nyumbani isije ikaonwa. Ilikuwa bei ya mtambo na mabomba, kutoka karakana moja ya Arusha. Siku alipoisoma alijua kwamba hata kitongoji kizima kikiuza ng'ombe wote, hakifikishi robo. Akaikunja na kunyamaza. Angewaambia kwamba bila hela za moshi jasho lao ni bure, nani angetoka tena Jumamosi? Na kazi ya mfereji ikisimama, mkaguzi angekuta nini? Kila walipouliza, alijibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Aliogopa, hakuna neno jingine.

Sasa bila karatasi hiyo umeme haupo, na akiitoa, hawa waliompigia makofi nusu saa iliyopita watajua. Alifungua pochi. Akaitoa.

"Tumeshindwa," alisema. "Bila hizo hela hatuwezi. Bei yenyewe hii hapa."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Vailet aliisoma polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukakunjuka. Akasema inafaa, tena inafaa sana, ina muhuri na kila kitu. Akaanza kunakili, akisoma tarehe kwa sauti: kumi na nne Aprili.

Mzee Clemence aliinuka. Si mtu wa kusema mikutanoni, na watu walimgeukia wote.

"Mama Hilary," alisema, "migomba yangu ulikuja kuiomba lini?"

Mektilda aliikumbuka asubuhi ile. Alikaa jikoni kwa mzee, akanywa chai yake, akamwahidi kwamba Krismasi ataila kwenye mwanga wa taa. Mzee alishika panga mwenyewe, akaikata migomba mikungu ikiwa bado michanga, na hakudai hata senti.

"Juni, mzee."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Vailet aliacha kuandika, akamtazama Hamdani, naye Hamdani akatazama viatu vyake. Mektilda alibaki amesimama, asijue kama amewapatia watu hawa umeme au amewapoteza watu wenyewe, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Mkaguzi akauliza taratibu kama aendelee kuandika, au waliache kwanza.

"Andika, binti yangu," alisema Mzee Clemence, akikaa. "Umeme tunautaka. Andika na hilo la Juni."