Tangi la Juu ya Paa

Kila asubuhi mlinzi wa kiwanda cha nguo alitakiwa kupanda ngazi hadi juu ya paa, afunue tangi la maji ya kuzimia moto, achungulie, kisha aandike daftarini. Miaka tisa aliandika "limejaa" akiwa amejikalia kibandani na kikombe chake cha chai. Na miaka tisa, kumbe, lilikuwa limejaa kweli. Bahati ilimvimbisha kichwa, akajiona hodari wa kazi.

Siku ile dada yake, fundi cherehani wa humo humo, alisimama getini. "Kaka, mabomba ya chooni yanakoroma tu. Si yanatoka tangi lile lile la juu? Lina maji kweli?"

"Limejaa! Unataka kunifundisha kazi?"

Saa nne moto ulishika marobota ya vitambaa. Watu walikimbilia mlangoni, lakini dada mtu aliwazuia wenzake wawili. "Tuuzime wenyewe, maji yapo!" Akafungua bomba la kuzimia moto. Likatema kutu, likanyamaza.

Wodini mlinzi alimkuta dada yake amefungwa bendeji mikono yote miwili hadi viwikoni. Wale wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Haki ya Mungu, nilijua limejaa," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hukujua. Ulikuwa unabahatisha," dada alijibu bila kumtazama. "Mimi nilikuamini wewe, wao wakaniamini mimi. Haya, nenda kawaambie mama zao kwamba ulijua."